Kuzikana na Kuuguzana: Dhiki ya Pamoja na Undugu wa Watu Kagera

Undugu wa dhiki ni ule unaowafunga watu kwa sababu wamepitia taabu moja na wakafaana ndani yake. Hauhitaji damu moja wala kabila moja, na mara nyingine hauhitaji hata kufahamiana kabla. Waswahili wamezoea kuueleza kwa methali, kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hiyo ni ya kweli, ila inagusa upande mmoja tu wa jambo. Inaichukulia dhiki kuwa kipimo: rafiki alikuwapo au hakuwapo, na shida imekuja kumfichua. Swali lililo gumu zaidi ni kama dhiki inaweza kumzaa rafiki ambaye hakuwapo kabisa, na kama inaweza, ni kitu gani ndani yake kinachofanya kazi hiyo. Je, ni maumivu yenyewe? Ni hofu? Au ni kitu kingine ambacho watu hukitia humo kwa mikono yao?

Wanafalsafa wa kale waliligusa swali hili kutoka pande mbili. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anawataja abiria wa chombo kimoja na askari wa kikosi kimoja kuwa watu wanaoitana marafiki, kisha anaweka mpaka ulio wazi: urafiki wao unafika pale ushirika wao unapofika. Ibn Khaldun, mwanahistoria aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika katika Mukadima yake ya mwaka 1377 kwamba maisha magumu ya jangwani huwapa watu mshikamano wenye nguvu kuliko wa watu wa mjini, na kwamba starehe huula mshikamano huo kizazi baada ya kizazi mpaka dola inaanguka. Kwa Aristotle, kinachofunga ni jambo ambalo watu wanalifanya pamoja. Kwa Ibn Khaldun, ni ukali wa maisha. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, na ili kuipima inafaa kutazama mahali ambapo watu wamepata misiba mingi, ya aina nyingi, ndani ya muda mfupi.

Mkoa wa Kagera ni mahali pa namna hiyo. Katika miaka isiyofika 50, watu wa Bukoba na Muleba wameona vita, UKIMWI, meli iliyozama, tetemeko la ardhi, ndege iliyoangukia ziwani, na homa kali ya virusi ambayo haikuwahi kuthibitishwa Tanzania kabla ya hapo. Si kila msiba kati ya hiyo uliwaunganisha. Mmoja uliwatenga watu kwanza ndipo ukawarudisha pamoja, mwingine uliwaunganisha kwa muda mfupi ukawaachia, na katika hali zote hizo kulikuwa na desturi za zamani zilizokwisha kuwapo, zikisubiri kutumiwa.

Desturi ya zamani kuliko zote katika jambo hili ni omukago, agano la udugu wa damu ambalo Wahaya, wenyeji wa Bukoba na Muleba, walikuwa nalo pamoja na majirani zao wa Buganda na Ankole. Watu wawili wasio wa ukoo mmoja walichagua kuwa ndugu. Walichukua tunda moja la kahawa, ambalo ndani yake mna punje mbili zilizolala kifua kwa kifua, wakapiga chale ndogo tumboni, kila mmoja akaipaka punje yake damu yake, kisha kila mmoja akameza ya mwenzake. Tangu saa hiyo mmoja hakuweza kumfungia mwenzake mlango usiku, kumnyima chakula wakati wa njaa, wala kumficha adui yake. Kahawa haikuwa chaguo la bahati nasibu: robusta iliyochemshwa na kukaushwa ndiyo iliyotafunwa na mgeni alipokaribishwa, na mpaka leo ziko nyumba nyingi ambazo mgeni hukaribishwa kwa punje hizo.

Jambo la kuangalia katika omukago ni wakati wake. Agano lilifungwa kabla ya shida, wakati watu hawakuwa na haja ya haraka ya kusaidiana. Masharti yake yote yalihusu shida: njaa, usiku, adui, safari, kifo. Waliolianzisha walielewa kwamba dhiki ikimkuta mtu peke yake, huwa imechelewa kumtafutia ndugu. Askofu Josiah Kibira, aliyeiongoza Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kilutheri huko Bukoba na akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani mwaka 1977, aliandika mwaka 1974 kitabu kizima juu ya Kanisa na ukoo. Hakuwa akijaza kurasa. Katika nchi ambayo mtu ni wa ukoo wake kabla ya kuwa wa kitu kingine chochote, dini inayowaita watu wasio wa ukoo mmoja kuwa ndugu ina wajibu wa kueleza undugu huo utafanya nini siku ya matatizo.

Leo omukago kwa namna yake ya zamani ni nadra. Mahali pake pameshikwa na chama cha kuzikana, ambacho katika vijiji vingi huitwa bujuni, yaani msaada. Hapa ndipo jambo lenyewe linapoonekana kwa karibu. Katika kata ya Kaagya, kama ilivyo katika vijiji vingine vya Bukoba na Muleba, mtu anapofariki usiku, asubuhi inawakuta majirani wamekwisha kufika. Marehemu huzikwa kwenye kibanja chake, ndani ya migomba, na wanaume wa chama ndio wanaochimba kaburi. Kina mama huja na mikungu ya ndizi, maharage, maji na kuni, kwa kuwa wafiwa hawapaswi kuwasha moto wao wenyewe. Nyasi hutandazwa chini, turubai hufungwa, masufuria makubwa ya chama hutolewa mahali yanapotunzwa. Wanaume hulala nje wakiota moto kwa siku kadhaa, ili nyumba isibaki na ukimya wake. Na kabla ya yote hayo kwisha, katibu hufungua daftari.

Daftari hilo lina uzito wa pekee katika maelezo haya. Ndani yake mna majina ya wanachama, michango yao, waliofika na wasiofika. Asiyefika bila sababu hutozwa faini, na anayezoea kutofika huondolewa. Msomaji wa mjini anaweza kuona kwamba faini na undugu haviendi pamoja, kwamba anayekuja kwenye msiba kwa kuogopa faini hakuja kwa upendo. Hoja hiyo haina mizizi. Mtu aliyechimba kaburi la mama wa jirani yake, akalala siku tatu nje ya nyumba yake, akambebea maji mkewe, hatoki pale akiwa yuleyule, hata kama siku ya kwanza alifika kwa shingo upande. Upendo mara nyingi hufuata kazi badala ya kuitangulia. Daftari linahakikisha kwamba kazi itafanyika hata mahali ambapo upendo bado haujaota, na linamlinda mfiwa asiyependwa sana, ambaye bila kanuni angezikiwa na watu wachache.

Uchunguzi wa kitaalamu unaunga mkono maelezo haya. Mwaka 2000 mchumi Joachim De Weerdt alifanya utafiti katika kijiji cha Nyakatoke, wilayani Bukoba, akizihoji kaya zote 119 za kijiji hicho na kuuliza kila mtu anamtegemea nani na nani anamtegemea yeye. Kaya karibu zote zilikuwa katika angalau chama kimoja cha kuzikana. Yeye na mchumi mwenzake Stefan Dercon walipochambua kilichotokea mtu alipougua, waliona kwamba upande wa chakula kijiji kizima kilibebana: ugonjwa wa mmoja haukumpunguzia chakula kuliko wenzake. Kwa matumizi mengine, msaada haukuenea kijiji kizima. Ulipita kwa watu mahususi, ndugu, jirani, rafiki aliyetajwa kwa jina, na hata hapo haukutosha kuliziba pengo lote. Undugu wa dhiki, kwa maneno mengine, una matabaka mawili: lile la wote, ambalo halimwachi mtu alale njaa, na lile la wachache, ambalo humlipia dawa.

Taabu ya vita ilikuwa ya namna nyingine. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakaikalia ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Maelfu ya watu walikimbilia kusini, na familia za Bukoba na Muleba ziliwapokea watu ambao hawakuwa na kitu mkononi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na askari wengi wa Tanzania waliopoteza maisha katika vita hiyo wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, wakiwa wametoka kila pembe ya nchi. Wapo Watanzania ambao kaburi la mtoto wao liko katika ardhi ya Wahaya ambayo wao wenyewe hawakuwahi kuikanyaga kabla ya vita, na makaburi hayo yaliifanya Kagera kuwa ya taifa zima kwa namna ambayo hotuba isingeweza.

Lakini vita hiyohiyo inatoa ushahidi mkali wa upande wa pili. Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana bega kwa bega na wanajeshi wa Tanzania, wakakutana Moshi mwezi Machi 1979 kuunda umoja wa kuikomboa nchi yao. Walikula pamoja, walitembea matope yaleyale, walizika wenzao pamoja. Yusuf Lule aliapishwa kuwa rais wa Uganda Aprili 1979 akaondolewa baada ya siku 68. Godfrey Binaisa aliyemfuata aliondolewa Mei 1980. Mwezi Februari 1981 Yoweri Museveni, aliyekuwa mmoja wa makamanda wa ukombozi huo, aliingia msituni kupigana na serikali ya wenzake wa jana. Iwapo taabu yenyewe ndiyo inayounganisha, watu hawa walikuwa na kila sababu ya kubaki ndugu. Kilichokosekana ni jambo la kufanya pamoja mara adui alipokimbia, na kanuni ambayo kila mmoja angekubali imhukumu. Hapa Aristotle alikuwa sahihi kuliko Ibn Khaldun: urafiki ulikoma pale ushirika ulipokoma.

UKIMWI ndio msiba uliowasomesha watu wa Kagera somo lililo zito kuliko yote. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa Tanzania waligunduliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba. Kufikia mwaka 1987 uchunguzi katika mji wa Bukoba ulionyesha kuwa watu wazima 24 katika kila 100 walikuwa na virusi. Kabla ugonjwa haujapata jina la kitabibu uliitwa Juliana, jina la kitambaa kilichouzwa na wafanyabiashara wa mpakani, na ndani ya jina hilo mlikuwa tayari na tuhuma: fedha, magendo, uzinzi. Wengine walisema ni uchawi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya janga hilo haikuwa kuunganisha. Sahani za wagonjwa zilitengwa, wajane walifukuzwa kwenye vibanja vya waume zao, watoto wa waliofariki wakanyimwa urithi na baba wadogo. Dhiki ilikuwa ya wote, kwani hapakuwa na ukoo usioguswa, na bado kila nyumba iliificha ya kwake.

Jambo hili lina maana kubwa kwa swali zima. Taabu inayokuja pamoja na lawama huwatenga watu, hata ikiwa imewapata wote. Aliyefiwa na mwanawe kwenye ajali hupokea majirani bila kujieleza. Aliyemuuguza mwanawe mwenye ugonjwa wa Juliana alijua kwamba kila aliyekuja kumwona alikuja pia na swali moyoni. Kitabu cha Ayubu kinaonyesha mgawanyiko huohuo kwa usahihi wa kutisha. Elifazi, Bildadi na Sofari walipomfikia rafiki yao walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na kwa siku hizo saba walikuwa marafiki kamili. Urafiki uliharibika walipofungua vinywa kumtafutia kosa. Kila walipomthibitishia kwamba mateso yake yana sababu ndani yake, walikuwa wanajitoa kwenye mateso hayo na kujiweka upande wa salama.

Kilichobadilisha mambo Kagera ni uuguzi. Idadi ya wagonjwa ilizidi uwezo wa hospitali, na mtu aliyehitaji kuogeshwa, kugeuzwa kitandani na kulishwa uji hakuweza kusubiri mjadala wa dhambi uishe. Bibi waliokwisha kuzika watoto wao walianza kulea wajukuu, nao majirani waliokuwa wakinong'ona jana walifika leo kwa kuwa zamu yao ya kunong'onwa ilikuwa imefika. Makanisa, ya Kikatoliki na ya Kilutheri, yalianzisha huduma kwa yatima na kwa wagonjwa majumbani. Kiwango cha maambukizi mjini Bukoba kilishuka hadi asilimia 13 hivi mwaka 1996, na ingawa wataalamu wanataja sababu nyingi, watu walikuwa wameanza kuutaja ugonjwa kwa jina lake mbele ya wenzao.

Mfano mmoja wa wakati huo unastahili kukaa nao kidogo. Huko Nshamba, wilayani Muleba, karibu na mwaka 2000, mradi uitwao Humuliza uliwasaidia vijana yatima kuunda chama chao wenyewe, Vijana Simama Imara. Wanachama walikuwa watoto na vijana waliofiwa na wazazi, wengi wao wakiwa wakuu wa kaya wakiwa bado na umri wa shule. Walichagua viongozi wao, waliweka akiba, walikwenda kulima na kukarabati nyumba ya mwenzao, na mmoja alipotishiwa kunyang'anywa kibanja walikwenda kumsimamia. Mtu mzima aliyezoea kumtisha yatima mmoja alikuta mlangoni yatima 20. Hawa hawakuunganishwa na huzuni kwa sababu huzuni walikuwa nayo kabla ya chama, kila mmoja peke yake, na ilikuwa imewanyamazisha. Waliunganishwa na jembe, na ubao wa dirisha la mwenzao, na kikao ambacho kila mmoja alikuwa na kura.

Misiba ya ghafla hufanya kazi kwa njia tofauti. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imetoka Bukoba kupitia Kemondo ikiwa imejaza watu kupita kiasi, ilipinduka ilipokuwa ikikaribia Mwanza. Waliofariki walizidi 800. Wengi ambao miili yao haikutambulika walizikwa Igoma, Mwanza, na kila mwaka tarehe hiyo watu hukusanyika pale. Wanaokutana Igoma ni Wahaya, Wasukuma, Waislamu na Wakristo, watu ambao hawangejuana kamwe, na wanachotambuana nacho ni kwamba mtu wa kila mmoja wao alikuwa kwenye chombo kimoja.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiofika 20 lakini lilibomoa maelfu ya nyumba, na shule za Ihungo na Nyakato ziliharibiwa vibaya. Usiku ule na siku zilizofuata, watu wa mjini Bukoba walilala nje, tajiri na mpangaji wake kwenye uwanja mmoja, wakiogopa mitetemo ya baadaye. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ikiwa na watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi wenye mitumbwi, na mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alisema baadaye kwamba alitumia kasia kufungua mlango wa nyuma. Watu 24 waliokolewa, 19 walifariki. Wavuvi wale hawakuwafahamu abiria, wala hapakuwa na muda wa kuuliza. Mtu anapozama mbele ya mvuvi, mvuvi tayari anajua la kufanya, kwa kuwa ziwa limemfundisha tangu utotoni kwamba asiyemwokoa mwenzake leo hataokolewa kesho.

Undugu wa namna hii ni wa kweli, lakini ni mfupi. Wanasosholojia walioandika juu ya maafa wameona mara nyingi kwamba siku za kwanza huleta ukarimu usio wa kawaida, kisha watu hurudi kwenye nyua zao. Baada ya tetemeko, viwanja vilivyojaa watu vilikuwa vitupu tena kadiri nyumba zilivyozibwa nyufa. Hilo si aibu. Hakuna awezaye kuishi siku zote kwa moto wa usiku wa kwanza. Kinachobaki ni pale tu ambapo mkusanyiko umepata tarehe, mahali na wajibu, kama Igoma ilivyopata.

Sayansi ya nafsi imejaribu kulipima jambo hili maabara. Mwaka 2014 Brock Bastian na wenzake walichapisha utafiti ambapo watu wasiojuana waliingiza mikono kwenye maji ya barafu au kula pilipili kali kwa pamoja, na baadaye wakashirikiana zaidi kuliko waliopewa kazi isiyo na maumivu. Matokeo hayo yana thamani, ingawa hayafiki mbali: maumivu ya dakika chache, yasiyo na lawama, yanayojulikana kwamba yataisha, ni kitu kingine kabisa na njaa. Upande wa pili, kitabu cha Colin Turnbull cha mwaka 1972 juu ya Waik wa kaskazini mashariki mwa Uganda kilidai kwamba njaa iliwaondolea watu hao ubinadamu wote. Dai hilo lilienea duniani kote na kuwaumiza Waik kwa miaka mingi. Watafiti wa baadaye walilipinga, na utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwakuta Waik wakiwa wakarimu kama watu wengine. Kumwona mtu katika siku yake mbaya kuliko zote na kuandika kwamba hiyo ndiyo asili yake ni dhuluma.

Upande wa dini kuna swali ambalo haliwezi kukwepwa. Ikiwa taabu huzaa undugu, je, Mungu huileta taabu kwa ajili hiyo? Mwanateolojia John Hick, katika kitabu chake cha mwaka 1966 juu ya uovu na upendo wa Mungu, alitetea wazo kwamba dunia ni mahali pa kukuzia roho, na kwamba fadhila kama huruma na ushujaa hazingekuwapo bila mateso. Wazo hilo husikika pia matangani, kwa lugha nyepesi zaidi, pale mtu anapomwambia mfiwa kwamba Mungu amekusudia jema. Ugumu wake ni mmoja na ni mkubwa: wanaofaidi undugu si wale waliolipa gharama. Waliozama na MV Bukoba hawamo katika mkusanyiko wa Igoma. Kusema kwamba walikufa ili wengine wapendane ni kuwafanya daraja la kupitia, na hakuna mzazi wa Kemondo anayepaswa kuambiwa hivyo juu ya mwanawe.

Mapokeo ya Uislamu na ya Ukristo yana jibu lililo bora kuliko hilo, na linapatikana zaidi katika matendo kuliko katika nadharia. Baada ya Hijra ya mwaka 622, Mtume Muhammad aliwaunganisha Muhajirina waliofika Madina mikono mitupu na Ansari wenyeji, mmoja kwa mmoja, wawe ndugu. Saad ibn al-Rabi alijitolea kumpa Abdurahman ibn Auf nusu ya mali yake. Abdurahman alimwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko lilipo. Hakuna aliyesema kwamba mateso ya Makka yalikuwa mema kwa sababu yalizaa undugu huo. Dhuluma ilibaki dhuluma, na undugu ukawa jibu la watu waliokataa kuiachia neno la mwisho. Kwa Wakristo, mtume Paulo anawaagiza Wagalatia kubebeana mizigo, na agizo hilo linaitaja mizigo kuwa mizigo. Wala mapokeo hayo mawili hayamlazimishi mtu kuushukuru msiba ili aruhusiwe kumpenda aliyepatwa nao.

Mwaka 2023 jambo hili lilipata jaribio jipya. Tarehe 21 Machi serikali ilitangaza mlipuko wa homa ya Marburg katika Wilaya ya Bukoba, wa kwanza katika historia ya nchi. Watu tisa waliugua na sita wakafariki, mhudumu wa afya akiwa miongoni mwao. Virusi hivyo huenea kwa kugusana na majimaji ya mgonjwa au ya maiti, maana yake ni kwamba kila tendo ambalo kwa vizazi lilikuwa ishara ya undugu, kuogesha, kushika, kubeba, kukusanyika matangani, liligeuka kuwa njia ya kifo. Watu zaidi ya 200 waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21. Kwa muda huo, kumpenda jirani kulikuwa kukaa mbali naye na kumpelekea chakula mpaka mlangoni. Tarehe 2 Juni ugonjwa ulitangazwa kwisha. Ulizimwa mapema kwa sababu wahudumu wa afya walifanya kazi yao, na kwa sababu jamii yenye mazoea marefu ya kuuguzana ilikubali kuyasimamisha mazoea hayo kwa faida ya wote, jambo ambalo ni gumu kuliko kuyafuata.

Limebaki suala la wale wasiofikiwa. Utafiti wa Nyakatoke ulionyesha pia kwamba kaya maskini zilikuwa na uhusiano na watu wachache kuliko kaya zenye uwezo. Undugu wa dhiki una gharama: mchango, mkungu wa ndizi, siku nzima ya kazi, na asiye na vitu hivyo hushindwa kutoa, kisha huona aibu kupokea, kisha jina lake hufutwa daftarini. Mjane mwenye kibanja kilichokwisha kwa mnyauko wa migomba, ugonjwa ulioripotiwa Muleba mwaka 2006, anahitaji chama kuliko mwenyekiti wake, na ndiye wa kwanza kukosa kiingilio. Vipo vyama vinavyokubali kupokea kuni, maji au kazi ya mikono badala ya fedha kutoka kwa wanachama wa aina hii, na hakuna sababu ya chama kingine chochote cha Bukoba na Muleba kushindwa kuandika kifungu kama hicho katika kanuni zake.